Umbo la Molekuli na Istilahi za Fuwele Kimiminika

Istilahi ya sayansi ina kazi mbili: kukitaja kitu, na kumwongoza msomaji akifahamu kitu hicho. Ikitimiza kazi ya kwanza na kuiharibu ya pili, huwa ni mzigo kwa mwanafunzi na mwalimu wake. Katika makala haya tunakusudia kueleza maada iitwayo fuwele kimiminika, ambayo hutumika katika saa, vikokotoo na skrini za televisheni. Aidha, tunakusudia kuonyesha kwamba majina ya aina zake katika Kiswahili hayana budi kufuata mpangilio wa molekuli zake, wala yasiwe tafsiri ya neno kwa neno ya majina ya kigeni.

Shuleni hufundishwa hali tatu za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Katika fuwele, kama ile ya chumvi, chembe zimejipanga kwa safu. Katika kimiminika cha kawaida hazina mpango wa kudumu. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea mjini Prague, alipasha moto kampaundi ya kolesteroli iliyotokana na karoti. Iliyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa kimiminika chenye ukungu. Ilipofikia nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka. Otto Lehmann, mwanafizikia wa Ujerumani, aliichunguza kwa hadubini akaona kwamba kimiminika kile cha ukungu kiliathiri nuru kama fuwele ifanyavyo. Basi ilikuwapo hali ya kati: maada inatiririka, na huku molekuli zake zina mpango.

Kwa nini kampaundi chache tu huwa na tabia hii? Jibu limo katika umbo. Mbaazi zikimiminwa sandukuni hukaa vyovyote, kwa kuwa kila upande wa mbaazi ni sawa na mwingine. Fito zikirundikwa pamoja hulaliana, kila mmoja ukifuata mwelekeo wa jirani yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Daniel Vorländer wa Halle alithibitisha kwamba molekuli zizaazo hali hii ni zile zilizonyooka kadiri iwezekanavyo. Ufito si umbo pekee lifaalo. Mwaka 1977 Sivaramakrishna Chandrasekhar na wenzake mjini Bangalore, India, walieleza juu ya molekuli zenye umbo la kisahani, ambazo hupangana kama sarafu zilizobebana.

Hapa yafaa tutenge maana mbili za neno uthabiti. Kuna uthabiti wa kikemia, yaani molekuli kutovunjika. Na kuna uthabiti wa hali, yaani mpango wa molekuli kudumu ingawa joto linapanda. Baadhi ya kampaundi za awali zilizofanya kazi katika halijoto ya kawaida zilikuwa na kiungo kati ya pete mbili za benzeni, na kiungo hicho kilivunjwa na unyevu. Mwaka 1973 George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitangaza kampaundi ambazo pete zake mbili zimeunganishwa moja kwa moja. Mmojawapo wa mifano yake ina mkia wa kaboni tano upande mmoja, na kaboni iliyofungamana na naitrojeni upande wa pili. Haikuharibiwa na unyevu, na hali yake ya fuwele kimiminika ilianzia nyuzi 24 hadi 35.

Badiliko dogo la umbo huleta matokeo makubwa. Pete ya tatu ikiongezwa, ufito hurefuka, na mpango hudumu hadi karibu nyuzi 240. Lakini kampaundi hiyo haiyeyuki kabla ya nyuzi 130 hivi. Mkia ukiwa na kaboni nane, molekuli huanza kujipanga kwa matabaka. Kundi la atomu likibandikwa ubavuni, fito hutengana, na kwa kawaida mpango huvunjika kwa joto dogo zaidi. Ndiyo sababu mafundi wa skrini huchanganya kampaundi kadhaa, ili mchanganyiko ufanye kazi katika baridi na katika joto. Utendaji nao hufuata umbo: ncha yenye naitrojeni huiwezesha molekuli kugeuzwa na umeme mdogo, hali urefu ukizidi, mchanganyiko huwa mzito na picha huchelewa kubadilika.

Sasa tuyatazame majina. Mwaka 1922 Mfaransa Georges Friedel alizigawa aina hizi kwa majina mengi yaliyotokana na Kiyunani. Moja lina maana ya uzi, kwa kuwa michirizi kama nyuzi huonekana kwenye hadubini. Jingine linahusu sabuni. Na la tatu linatokana na kolesteroli. Tukitafsiri tu, tutapata “hali ya nyuzi”, na msomaji atadhani molekuli ni nyuzi. Isitoshe, tutalazimika kuandika kwamba hali ya nyuzi hukoma kwenye nyuzi 35! “Hali ya sabuni” itamfanya atafute sabuni isiyokuwapo, na “hali ya kolesteroli” itazihusu kampaundi nyingi zisizo na kolesteroli hata chembe.

Kwa hiyo twapendekeza majina yatokane na mpangilio. Fito zikielekea upande mmoja bila safu, iwe hali ya mwelekeo. Zikielekea upande mmoja na kukaa tabaka juu ya tabaka, iwe hali ya matabaka. Mwelekeo ukizunguka kidogo kidogo mithili ya kamba iliyosokotwa, iwe hali ya msokoto. Visahani vikibebana, iwe hali ya nguzo. Kadhalika tusiseme “kioo kimiminika”, kwa kuwa kioo cha dirisha hakina safu za molekuli. Kwa maana hiyo ni kinyume cha fuwele.

Maneno haya yote mwanafunzi anayo tangu nyumbani. Akiyasikia darasani ataiona picha ya molekuli kabla mwalimu hajachora ubaoni. Tunawaomba walimu wa sayansi na wafasiri wayapime katika kazi zao, na watuletee hoja zao pale yatakapopwaya.