Mstari Uliopanda na Mvua Isiyosikia

Mkulima wa Kitale, uingiapo mwezi wa Machi, hutia kidole ardhini, akayatazama mawingu juu ya Mlima Elgon, kisha akaamua siku ya kupanda; na ukimwuliza ametegemea hoja gani, atakujibu kwamba ndivyo alivyofanya baba yake, na mvua haikumwacha. Jawabu hilo si la kudharauliwa. Mwaka wa 1748 mwanafalsafa David Hume wa Uskoti alieleza kwamba hata kuchomoza kwa jua kesho hakuthibitishwi na hoja yoyote ya akili, illa na mazoea yetu ya kuliona likichomoza; nami sijapata kusikia jawabu lililomshinda.

Hata hivyo mazoea yote si ya daraja moja, na hapo ndipo sisi wa hesabu za mavuno hukosea aghalabu. Mbegu chotara ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka wa 1964 baada ya mahindi ya hapa kuchanganywa na ya Ecuador, ilizidisha mavuno, na aliyeuchora mstari wa miaka ile aliuona ukipanda, akadhani utapanda daima. Lakini mstari haupandi kwa nguvu zake wenyewe: hupandishwa na mbegu, mbolea na ardhi isiyochoka, na kila kimoja kina mpaka wake.

Tena yako mambo ambayo daftari halikupata kuyaona. Aliyefunua majani ya moyo wa muhindi mchanga katika mashamba ya magharibi mwaka wa 2017 huenda alimkuta kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi yaliyopangwa kwa umbo la mraba karibu na mkia, amezungukwa na kinyesi mithili ya unga wa mbao. Asili yake ni bara la Amerika, na Afrika hakuonekana kabla ya 2016. Basi kumbukumbu za miaka hamsini, hata zingeandikwa na malaika, zisingemtaja.

Bei nayo ina hila yake. Mvua haisikii utabiri wetu, ilhali wakulima wanausikia: gunia la kilo 90 likipanda bei, kila mmoja hukisia litapanda tena, akakodi ekari zaidi, na wingi huo wenyewe ukaishusha.

Mzee mmoja wa Chwele, Bungoma, aliniuliza, “Mwalimu, mwakani bei itakuwaje?” Nikamwuliza ni majirani wangapi waliokodi mashamba mwaka huu. Akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akacheka.