Niuze Leo au Ningoje?

Mavuno yakisha kuingia ghalani, swali nalo huingia nyumbani: mahindi yauzwe sasa, au yangoje miezi ya njaa bei ipande? Wengine humfuata jirani, wengine hukisia tu. Farao aliota ndoto, na Yusufu akajua njaa itakuja lini. Sisi hatuoti bei ya Januari. Lakini yule mjenga mnara katika Injili ya Luka naye hakuota. Alipaswa kuketi kwanza na kuhesabu. Hilo twaliweza.

Mzee mmoja alifika katika ofisi ya parokia na swali hilo, mkewe akiwa pamoja naye. Tukatwaa karatasi. Mtoto akifinyanga nyumba ya udongo, hakuna awezaye kulala humo, ila mlango waonekana uko wapi. Hesabu yetu ilikuwa hivyo: ndogo, yenye namba nyepesi, ili tuone mlango.

Kwanza tulitenga chakula cha nyumba. Hapo mama ndiye mwalimu, maana ndiye ajuaye debe ngapi huliwa kwa mwezi. Yakabaki magunia 10. Tuseme bei ya leo ni shilingi 50,000 kwa gunia: akiuza yote apata 500,000.

Je, akingoja miezi 6? Hatukuuliza bei itakuwa ngapi, maana hakuna ajuaye. Tuliuliza: bei ifike wapi ndipo asipate hasara?

Akiweka bila kinga, yuko dumuzi. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, akaingia Tanzania upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, naye hugeuza punje kuwa unga. Tuseme ala magunia 2. Yale 8 yaliyosalia hayana budi kuuzwa 62,500 kila moja, ndipo zirudi zile 500,000. Akinunua mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, tuseme 5,000 kwa kila gunia, wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa. Hapo 55,000 yatosha.

Mzee akatabasamu. “Basi naweka yote.”

Mkewe akasema polepole, “Baba, na lile deni?”

Mzee alinyamaza. Deni hakuwa amelitaja: 200,000, na riba yake 20,000 kila mwezi. Kwa miezi 6 riba ni 120,000. Tuliiongeza katika hesabu, na ile 55,000 ikapanda kuwa 67,000. Hivyo aliyekuwa akila ghala zaidi ya dumuzi alikuwa riba.

Ndipo mlango ukaonekana. Swali halikuwa kuuza au kuweka, bali kuuza mangapi. Akiuza magunia 5 apata 250,000. Alipa deni lote, anunua mifuko 5 kwa 25,000, na 25,000 zabaki za nyumba. Magunia 5 yangoja, na kila moja lataka 55,000 tu. Nilimwuliza: katika miaka mitano iliyopita, bei ya Januari ilipita hapo mara ngapi? Hilo aliweza kulijibu mwenyewe, maana alikumbuka mauzo yake.

Nanyi fanyeni hivyo nyumbani. Andikeni namba zenu, si hizi zangu. Kisha badilisheni namba moja moja: wadudu wakizidi je? Mipaka ikifungwa na bei ikalala je? Namba ile ambayo ikiguswa kidogo jibu lote hugeuka, hiyo ndiyo ya kuangaliwa sana. Nanyi msisahau kukausha vema. Tieni punje na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise, mngoje kidogo. Chumvi ikinata chupani, mahindi bado yana maji, na mfuko hautayaponya.

Zaidi ya yote, ketini wawili, baba na mama, na deni lisifichwe. Karatasi huweza kukosea bei, na mwaka ujao mtaisahihisha. Lakini hesabu iliyofichwa jambo moja hudanganya tangu mstari wa kwanza, nao watakaolipa ni watoto.