Maji ya Likasi yanashuka mpaka Kasongo: mionzi inatembea namna gani ndani ya mto?

Mwezi wa 11 mwaka 2007, karibu tani 18 za madini yenye mionzi zilitupwa ndani ya mto Mura, karibu na muji wa Likasi, kule Katanga. Madini hayo yalikuwa yamekamatwa, na amri ilikuwa kuyapeleka kwenye mgodi wa zamani wa Shinkolobwe. Hayakufika. Yaliishia mtoni, na serikali ya Kinshasa ikaagiza uchunguzi.

Shinkolobwe ndiyo mgodi uliotoa uraniamu nyingi ya bomu iliyoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Serikali iliufunga kwa wachimbaji wadogo mwaka 2004.

Mutu wa Kasongo, Lusangi ao Kabambare anaweza kusema: « Likasi iko mbali, ile haituangalie. » Lakini tufuate njia ya maji. Maji ya upande wa Likasi yanashuka kwenye mto Lufira. Lufira inaingia Lualaba katika bonde la Upemba. Kisha Lualaba inapita Ankoro, Kabalo na Kongolo, na kuingia Maniema upande wa Kasongo. Ni maji yale yale.

Luama, mto wa watu wa Kabambare, ni tofauti. Wenyewe unatoka upande wa milima ya mashariki, na maji hayapandi mlima. Kitu kilichotupwa Likasi hakiwezi kufika Luama. Lakini samaki wa Lualaba anabebwa mpaka sokoni, hata kwa watu ambao hawanywi maji ya Lualaba.

Je, sumu yote inafika?

Hapana. Mto mkubwa unachanganya kitu kidogo na maji mengi, na nguvu yake inapungua. Tena, sehemu kubwa ya madini mazito inashuka chini na kukaa ndani ya matope, zaidi pale maji yanapotembea polepole: kwenye ziwa, kwenye kinamasi, nyuma ya bwawa. Lufira iko na bwawa la Mwadingusha, lililotengeneza ziwa Tshangalele. Mbele kuna maziwa ya Upemba, kama Kisale. Sehemu hizo zinashika uchafu mwingi kabla haujafika Maniema.

Kwa hiyo wanaoumia kwanza ni wale walio karibu na mahali palipotupwa, na wavuvi wa maziwa. Lakini matope hayakai kimya siku zote. Mvua kubwa ao mafuriko yanaweza kuyaamsha na kuyasukuma mbele.

Hayo yalionekana hata Ukraine, baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986. Mito ya kule, Pripyat na Dnieper, ilibeba mionzi. Sesiamu ilishikamana na matope ya ziwa la bwawa karibu na muji wa Kyiv. Strontiamu, ambayo inayeyuka zaidi ndani ya maji, ilienda mbali zaidi. Na katika maziwa ya Sweden na Norway, inchi zilizo mbali sana na Chernobyl, samaki walibaki na sesiamu kwa miaka mingi. Mvua ndiyo iliishusha kutoka hewani.

Inaingia mwilini namna gani?

Mwili unadanganyika. Sesiamu inafanana na potasiamu, basi inaingia kwenye nyama ya samaki na ya mutu. Strontiamu na radiamu zinafanana na kalsiamu, basi zinakaa kwenye mifupa. Ndiyo maana samaki mdogo anayeliwa mzima na mifupa yake anahitaji kuangaliwa sana. Uraniamu yenyewe, ikiwa ndani ya maji ya kunywa, inaharibu kwanza figo. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri isipite mikrogramu 30 katika litre moja.

Kila kitu kina muda wake. Iodini-131 inapungua nusu katika siku 8. Sesiamu-137 inachukua karibu miaka 30. Radiamu-226, inayozaliwa na uraniamu, inachukua miaka 1.600. Mutu anayeitupa leo anawaachia wajukuu wa wajukuu wake.

« Tunachemsha maji, basi iko muzuri »

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kolera na vya tumbo, na ni lazima kuendelea. Lakini mionzi si kijidudu. Moto hauiui. Maji yakichemka sana na kupungua, sumu inabaki ndani ya sufuria, tena katika maji machache. Kitambaa cha kuchujia hakitoshi. Macho, pua na ulimi havioni kitu: maji mazuri na maji yenye mionzi yanafanana.

Njia ya kujua ni kupima ndani ya laboratware. Inchi iko na ofisi ya kazi hiyo, Commissariat général à l'énergie atomique, kule Kinshasa, muji uliopata reakta ya kwanza ya Afrika mwaka 1959. Habari ikisikika kwamba kitu kimetupwa mtoni, wakaaji wana haki ya kuuliza viongozi wa teritware na wa jimbo: maji yalichukuliwa wapi, matope na samaki vilipimwa, majibu yako wapi? Kabla ya majibu, maji ya mvua ao ya chemchemi isiyoguswa na mto huo ni salama zaidi, na samaki wa pale waachwe.

Na hapa kwetu?

Maniema haina mgodi kama Shinkolobwe. Lakini koltani, inayochimbwa katika jimbo letu pamoja na kasiteriti, mara nyingi inabeba uraniamu na toriamu kidogo. Si sababu ya kukimbia. Ni sababu ya kutoweka mifuko ya madini ndani ya chumba ambamo watoto wanalala, kutopumua vumbi lake, na kutosafisha madini kwenye chemchemi ambako bamama wanateka maji. Mto ukisha kuingiwa na sumu, kuitoa ni kazi ngumu sana. Kuizuia isiingie ni kazi ambayo kila kijiji kinaweza kuanza nayo.