Mafua yasiyoisha: bakteria wamo puani, lakini vidonge haviwatoi

KWA mfanyabiashara anayevuka mpaka mara mbili tatu kwa wiki, pua iliyoziba haihesabiwi kuwa ugonjwa. Kichwa kinagonga juu ya macho, kamasi zito linateremka kooni, chakula hakina harufu, lakini mzigo lazima ufike sokoni. Dukani la dawa karibu na stendi ananunua vidonge vichache vya amoksilini. Wiki inayofuata, upande wa pili wa mpaka, ananunua azithromaisini, ile ya siku tatu. Anapata nafuu kidogo, kisha pua inaziba tena, na mwaka unakatika hivyo.

Madaktari wa masikio, pua na koo huuita ugonjwa huu sugu dalili zinapodumu wiki 12 au zaidi. Swali ambalo limewagawa wataalamu kwa miaka mingi ni hili: bakteria wanaokutwa humo ndio walioanzisha ugonjwa, au ni wapangaji waliokuta nyumba imeshaharibika?

Ndani ya mifupa ya uso mna jozi nne za vyumba vya hewa, ambavyo wengi huviita sainasi: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho na nyuma kabisa ya pua. Kuta zake hutoa ute, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo kama wachukuzi wa mpakani wanaopokezana magunia hadi mlangoni. Mlango wa chumba cha shavuni uko juu, si chini. Wachukuzi wakigoma, ute hauwezi kujimwaga wenyewe. Unatuama.

Kinachowagomesha mara nyingi huwa ni virusi vya mafua, mzio, moshi au vumbi. Hapo wafanyabiashara wana hatari yao ya pekee, maana anayefungua belo la mitumba, anayepakua mahindi makavu na anayeshinda kando ya malori yanayounguruma wote wanavuta hewa inayochokoza ngozi ya pua kila siku.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na ni wagonjwa wachache tu, pengine wawili au pungufu katika kila 100, ambao baadaye hupata maambukizi ya bakteria kwenye sainasi. Rangi ya manjano au kijani ya kamasi peke yake si ushahidi kwamba bakteria wameingia, ingawa dukani ndiyo inayouza dawa kuliko dalili nyingine yoyote.

Katika ugonjwa sugu hadithi hubadilika. Hapo hutajwa sana bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Huyu si mgeni: karibu watu watatu katika kila 10 wanaishi naye puani bila kuumwa. Lakini penye ute uliotuama na ngozi iliyochubuka, yeye na wenzake hujenga utando unaonata ukutani, kisha wakaishi ndani yake kama kijiji chenye boma. Dawa inayowaua kirahisi wakiwa wametawanyika huweza kuhitajika kwa kiwango kikubwa mara mia kadhaa, hata 1,000, wakiwa ndani ya boma hilo. Kiwango hicho mwili wa binadamu haukihimili. Vidonge huua walio nje, mgonjwa akapumua siku chache, na walio ndani wakaanza upya.

Isitoshe, bakteria huyo hutoa sumu zinazoichokoza kinga ya mwili kupita kiasi. Sumu hizo zimehusishwa hasa na wagonjwa wanaoota vinyama puani, na baadhi yao wana pumu pia. Kwa wagonjwa wa aina hii, linalowatesa zaidi ni kinga inayopigana bila kusimama, kuliko wingi wa bakteria wenyewe.

Zamani iliaminika kuwa sainasi yenye afya haina kijidudu hata kimoja. Vipimo vya vinasaba vimeibomoa imani hiyo. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa wagonjwa walikuwa na aina chache za bakteria kuliko watu wazima wa afya. Wale wa kulinda pua walikuwa wamepungua. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini ulizua hoja nzito: huenda kila dozi isiyo ya lazima inawafukuza walinzi na kumwachia nafasi mkorofi.

Jibu la wazi zaidi kuhusu vidonge limetoka Uingereza mwaka 2025, katika jarida la The Lancet. Wagonjwa zaidi ya 500 waligawanywa makundi matatu: upasuaji wa kufungua milango ya sainasi, kiuavijasumu cha klarithromaisini kwa miezi mitatu, na vidonge visivyo na dawa. Wote waliendelea kuosha pua na kutumia dawa ya kupuliza. Baada ya miezi sita, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa. Waliomeza kiuavijasumu hawakuwazidi waliomeza vidonge vitupu.

Na hiyo ilikuwa dozi kamili, chini ya uangalizi wa daktari. Vidonge vinne vya Busia na vitatu vya Malaba haviwezi kufanya zaidi ya hapo, ila kufundisha bakteria usugu. Usugu huo haukaguliwi forodhani. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalionyesha vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa, na kiwango cha juu kikiwa Afrika Kusini mwa Sahara.

Nafuu ya wengi huanzia kwenye chumvi. Maji nusu lita yaliyochemshwa hadi kutokota na kuachwa yapoe, pamoja na kijiko cha chai cha chumvi, huosha pua na kupunguza ute. Maji ya bomba, kisima au ziwa yasiyochemshwa yasitumike kabisa, kwa sababu kuna amiba anayeweza kupanda kutoka puani hadi kwenye ubongo na kuua. Baada ya kuosha, daktari huweza kuandika dawa ya steroidi ya kupuliza, ambayo hutuliza uvimbe na huhitaji wiki kadhaa kuonyesha kazi. Isichanganywe na matone ya kuzibua pua yanayofanya kazi kwa dakika chache. Hayo yakizidi wiki moja, pua huyazoea na kuziba zaidi.

Viuavijasumu bado vina nafasi yake, hasa usaha ukichukuliwa kwenye pua na kuoteshwa maabara ili ijulikane ni dawa gani inayofaa. Upande mmoja tu ukiziba na kutoa harufu mbaya, jino la juu lichunguzwe, kwani mizizi ya magego iko jirani na sakafu ya sainasi. Upande mmoja ukitoa damu mara kwa mara, mgonjwa asisubiri. Jicho likivimba, kuona kukiwa kuwili, shingo ikikakamaa au homa kali ikija na kuchanganyikiwa, hospitali ni ya saa ile ile, mpaka wowote alipo.

Anayetibiwa pande mbili za mpaka ana tatizo moja zaidi: dawa ile ile huuzwa Kenya kwa jina moja la kibiashara na Uganda au Tanzania kwa jingine. Jina halisi la dawa huandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa. Boksi tupu likitunzwa mfukoni pamoja na hati ya kusafiria, daktari wa upande wa pili ataona ni dawa gani imeshajaribiwa, na mara ngapi.