Wazee wa Okinawa walikula viazi vitamu, wajukuu wakahamia baga

Hebu nikuulize. Mara ya mwisho ulipoenda ushago, shosho alikuandalia nini asubuhi? Mimi aliniwekea sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha na kikombe cha chai. Nikauliza kama kuna mkate. Akanitazama tu, akasema mkate ni wa wageni, halafu akachukua kiazi kikubwa kuliko vyote akaanza kukimenya kwa vidole.

Sahani ile nimeikumbuka wiki hii nikisoma habari za Okinawa, visiwa vilivyo kusini kabisa mwa Japani. Kama umewahi kutazama zile video za "siri za kuishi miaka mia moja", jina hilo si geni kwako. Daktari Makoto Suzuki alianza kuwachunguza wakongwe wa huko mwaka 1975, na alikuta wengi waliopita miaka 100 wakiwa bado wanalima bustani zao na kujipikia.

Sasa, ukisikia Japani unawaza samaki na wali, sivyo? Nami pia. Lakini takwimu za chakula cha Okinawa za mwaka 1949 zinasema jambo tofauti kabisa. Mtu wa kawaida alikula takriban gramu 849 za viazi vitamu kwa siku. Hiyo ni karibu kilo nzima, na ndiyo iliyompa asilimia 69 ya nguvu zote za mwili. Wali ulikuwa gramu 154 pekee. Samaki gramu 15. Nyama gramu 3.

Piga hesabu. Gramu 3 za nyama kwa siku ni kilo moja na kidogo kwa mwaka mzima. Kuna watu ninaowajua ambao hiyo wanaimaliza Jumapili moja kwenye nyama choma, na bado wanauliza kama mutura iko. Mayai ndiyo kichekesho: gramu 1 kwa siku, yaani yai moja kila baada ya wiki saba hivi.

Usidhani hawa watu walikuwa kwenye dayati. Walikuwa maskini. Viazi vitamu viliingia visiwani humo kutoka China mwaka 1605, na vilishika kwa sababu Okinawa hupigwa na vimbunga kila mwaka. Kimbunga kinaulaza mpunga chini, lakini kiazi kimejificha udongoni, hakina habari. Wali ulikuwa chakula cha mwenye nacho. Na mwaka 1949 wenyewe ulikuwa miaka minne tu baada ya vita vikali vilivyochoma kisiwa, kwa hiyo baadhi ya uchache ule ulikuwa njaa ya kawaida.

Pamoja na viazi walikuwa na maharagwe ya soya, mboga za kijani, mwani wa baharini na karela, ile mboga chungu unayoiona kwa maduka ya Wahindi ukapita haraka. Nguruwe alichinjwa sana sana wakati wa sherehe. Halafu kuna msemo wao wa mezani, hara hachi bu: kula mpaka tumbo lijae sehemu nane kati ya kumi, kisha weka kijiti chini. Maana yake kisayansi ni rahisi. Tumbo huchukua muda, kama dakika 20 hivi, kuujulisha ubongo kuwa limeshiba. Ukila mbio ukiwa na simu mkononi, taarifa inafika ukiwa tayari umeagiza sahani ya pili.

Kiazi chenyewe kina ufumwele mwingi, na kikichemshwa sukari yake huingia kwenye damu polepole kuliko kikichomwa. Kile cha rangi ya chungwa kina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Hakuna muujiza hapo. Ni chakula kinachoshibisha bila kukupa nguvu nyingi zisizo na kazi.

Lakini subiri kidogo. Kabla ya kuwaamini wazee wote unaoonyeshwa mtandaoni, kuna jambo la kuchekesha na la kuhuzunisha pia. Mwaka 2010, jijini Tokyo, maofisa walienda kumpongeza Sogen Kato, aliyeaminika kuwa mzee wa miaka 111. Walikuta mwili uliokauka kitandani. Alikuwa amekufa miaka 30 hivi iliyotangulia, na familia ilikuwa ikipokea pensheni yake. Serikali ilipokagua rejista, ilikuta zaidi ya majina 230,000 ya watu wa miaka 100 na zaidi ambao hakuna aliyejua waliko. Mtafiti Saul Newman amechimba suala hilo hilo, akasema madai mengi ya umri mkubwa sana hutoka mahali penye kumbukumbu mbovu. Kazi yake ilimpa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2024, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unakufanya ufikiri. Okinawa yenyewe, rejista nyingi ziliteketea vitani mwaka 1945. Wanaowachunguza wakongwe wa huko wanasema walihakiki umri wao vizuri, na ubishi haujaisha.

Sisi Wakenya tusicheke sana. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, dunia nzima ikamjua kama mwanafunzi wa miaka 84, na hakuwa na karatasi ya kuthibitisha siku aliyozaliwa. Shosho wangu naye kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari. Waulize wenzake kijijini, utashangaa ni wangapi walizaliwa siku hiyo.

Na hata wale wenye vyeti safi, usiwaige kichwa kichwa. Jeanne Calment wa mji wa Arles, Ufaransa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164. Hajapatikana aliyethibitishwa kumpita. Alipenda chokoleti kupindukia na aliacha sigara akiwa na miaka 117. Kane Tanaka wa Japani, aliyefika 119, alipenda soda na chokoleti. Ukitaka kutumia hao kutetea soda yako ya saa nne, kumbuka kuna mamilioni waliokunywa hiyo soda na hawakufika popote, ila hao hakuna mwandishi anayeenda kuwahoji. Kufika 115 ni bahati ya damu uliyorithi. Ila kwa watu wa kawaida kama mimi na wewe, utafiti wa mapacha wa Denmark uliochapishwa mwaka 1996 ulikadiria kuwa urithi unaeleza kama robo tu ya tofauti za umri wa kuishi.

Robo tatu zilizobaki ndizo zilizoiponza Okinawa, na hapa ndipo ningependa uweke simu chini kidogo. Sawa, usiiweke, unasoma nayo.

Baada ya vita Marekani ilivitawala visiwa hivyo hadi mwaka 1972. Kambi za jeshi zilikuja na nyama ya mkebe, mkate mweupe na mafuta. Mkahawa wa baga wa A&W ulifunguliwa huko mwaka 1963. Reli iliyokuwepo iliharibiwa vitani na treni hazikurudi hadi mwaka 2003, kwa hiyo watu walizoea kupanda gari hata kwa safari ya karibu. Kiazi kitamu kikawa kumbukumbu ya umaskini. Nani angetaka kula kumbukumbu hiyo akiwa na pesa mfukoni?

Mwaka 1995 wanaume wa Okinawa walikuwa nafasi ya 4 kati ya majimbo 47 ya Japani kwa umri wa kuishi. Matokeo ya mwaka 2000 yalipotoka, walikuwa wa 26. Wajapani waliita mshtuko wa 26. Wanawake, waliokuwa wakiongoza miaka nenda miaka rudi, walipoteza nafasi ya kwanza mwaka 2010. Na waliokuwa wakiivuta hesabu chini si wale wakongwe. Wakongwe walikuwa bado wapo bustanini. Waliokuwa wakifa mapema ni watoto wao, watu wa miaka 40 na 50, kwa moyo, ini na unene. Kuna wazazi waliokula viazi utotoni wakaishi kuwazika watoto waliokulia kwenye baga.

Kizazi kimoja tu. Damu ilikuwa ile ile, kisiwa kile kile.

Angalia sahani yako ya jana. Mimi yangu ilikuwa chipo na soseji, zimekaangwa kwa mafuta ambayo sitaki kuulizia umri wake. Nilikula nikiwa natembea. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai na mandazi mawili. Sikukosa pesa ya kitu kingine, kwa sababu pale karibu na stage yetu kuna mama anayekuja na ndoo iliyofunikwa kitambaa, ndani yake nduma na viazi vitamu vya moto. Wateja wake ni mafundi wa mjengo na wazee wa bodaboda. Sisi wa ofisini tunampita tukienda kununua smokie.

Leo nilisimama. Kiazi kimoja kikubwa kilinifikisha saa saba bila kuwaza chakula. Nilimpigia shosho kumwambia nimekula viazi Nairobi, na kwa hiari yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimefutwa kazi.