Uzoefu wa safari ndefu hausomwi kwenye leseni

Mara ya mwisho nilipopita Nakapanya, malori ya makaa ya mawe yalikuwa yamepanga foleni pembeni mwa lami na madereva wanakula. Sijanawa hata mikono, kijana mmoja akanisogelea: "Shikamoo mwalimu. Leseni yangu ya daraja E ina miaka saba. Tangazo linataka uzoefu wa safari ndefu miaka mitatu, wamenikataa. Kosa langu nini?"

Swali hilo naulizwa Songea, naulizwa Makambako, na Tunduma naulizwa kabla sijateremka kwenye gari. Nimefundisha na kupima madereva wa malori miaka mingi, na nimechoka kulijibu mdomo kwa mdomo. Leo naliandika.

Leseni ni ruhusa. Inasema kwamba siku ile polisi wa usalama barabarani walikupima wakaridhika, na TRA wakakupa kadi. Ulichofanya kuanzia kesho yake haikisemi. Nawafahamu vijana wenye daraja E la miaka saba ambao miaka sita yote wamebeba mchanga na Fuso kutoka mtoni hadi saiti, jioni wanalala kwao. Ni kazi halali na ina jasho. Namfahamu pia aliyeitia kadi kabatini akarudi kwenye mikorosho yake Tunduru. Ukiziweka kadi zao mezani pamoja na ya mtu aliyekwenda Lubumbashi mara arobaini, zote zinafanana. Mwajiri mwenye akili timamu atamkabidhije mtu semi na mzigo wa watu kwa kusoma tarehe?

Anachokitafuta ni yale yanayomfika dereva pale tu gari linapokuwa zito, njia inapokuwa ndefu na tajiri yuko mbali.

Chukua mteremko. Ukitoka Iringa kurudi Dar es Salaam unaushuka Kitonga, na ukitoka Njombe kuja Songea unakutana na Lukumburu. Breki zikikandamizwa mfululizo zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Dereva aliyekomaa huingiza gia ya chini akiwa bado juu kabisa, kisha anaiachia injini na breki ya ekzosti kazi ya kuzuia uzito, mguu wake ukigusa breki kwa vipindi. Asiyekomaa huanza kushuka na gia kubwa, au anaweka gia huru aokoe dizeli. Akija kushtuka, mwendo umeshamzidi na gia haiingii tena. Fuso la mchanga kwenye kilima kifupi linaweza kukusamehe kosa hilo. Semi yenye tani hamsini haikusamehe, wala haiwasamehe waliomo kwenye basi linalopanda.

Chukua mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Ekseli ya usukani isizidi tani 8, ekseli mbili za pamoja tani 18, tatu za pamoja tani 24. Jumlisha: semi ya ekseli sita ni tani 50, na hakuna gari linaloruhusiwa kupita tani 56 bila kibali maalumu. Kijana wa daraja E la kabatini husikia "tani 50" akadhani yamekwisha. Anafika Makambako na jumla ya tani 48, anashikwa, analalamika kwamba ameonewa. Hakuonewa. Mzigo ulirundikwa mbele, ekseli mbili za nyuma ya kichwa zikabeba 20. Aliyewahi kukesha kwenye yadi ya mizani akihamisha magunia husimama mwenyewe kwenye upakiaji safari inayofuata na kuwaambia vibarua gunia likae wapi. Ujuzi huo hauongezeki kwa leseni kukaa mfukoni.

Sijataja usiku, pale unapotakiwa kujua kwamba umechoka kabla hujasinzia. Sijataja lakiri ya forodha inayotakiwa ifike nzima. Sijataja Kasumbalesa, unakotoka Zambia ukiendesha kushoto kama kwetu na kuingia Congo wanakoendesha kulia, na semi ndefu nyuma yako.

Sasa dawa ya mtaani. Mtu akishakataliwa anaambiwa kijiweni aende steshenari akachapiwe barua ya uzoefu yenye nembo na mhuri. Nasema bila kuzungukazunguka: huko ni kughushi, ni kosa la jinai, na hakumdanganyi mtu anayeijua kazi. Barua ikifika mezani kwangu napiga simu kwa aliyeisaini. Kisha namuuliza mwenye barua mizani gani alipimwa baada ya kutoka Iringa, Lukumburu alishuka na gia ya ngapi, Tunduma alikaa siku ngapi na alikuwa anasubiri karatasi gani. Namalizia kwa kumpa semi airudishe kinyumenyume kwenye ghala. Tela halina huruma: ukikata usukani kulia, lenyewe linaelekea kushoto, na barua ya kununua haikufundishi hilo. Wanaofaulu kupita na barua hizo ndio wanaoniogopesha zaidi, maana mtihani wao wa kwanza wa kweli wataukuta kwenye mteremko.

Ulaya lori lina takografu, kifaa kinachorekodi saa za kuendesha kwenye kadi ya dereva. Huku kwetu karatasi ya kweli ndiyo inayokusemea, kwa hiyo itafute ukiwa bado kazini.

Kwa ninyi wa njia hii: makaa kutoka Ngaka hadi bandari ya Mtwara ni safari ndefu. Ni zaidi ya kilomita 700 kwenda tu, kupitia Songea, Namtumbo, Tunduru, Nakapanya na Masasi, na semi imeshiba. Mwajiri anayekwambia haihesabiki kwa sababu hukuvuka nchi amekosea, nami nawaambia waajiri hivyo ana kwa ana. Usichokuwa nacho ni uzoefu wa mpaka. Sema hivyo bila aibu, uombe kuanzia hapo.

Uliye utingo, miaka yako haihesabiki kama ya dereva, lakini inakufanya ujifunze haraka. Pata leseni ya daraja husika, nenda VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kisha omba kukaa na dereva mkongwe akupe usukani kwenye tambarare kwanza. Uliye wa Fuso, hamia tela la njia fupi kabla ya kuomba Zambia. Uzoefu wa deiwaka nao unahesabika, ila uwe na ushahidi: daftari lenye tarehe, namba ya gari, mzigo na njia, nakala za hati za mzigo, na simu ya tajiri aliyekutuma. Ukiajiriwa kwenda nje ya nchi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wako uwe wa maandishi. Usiondoke na ahadi ya mdomo.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi kazi inapokoma. Hukipewi kwa hisani, na huna haja ya kukibembeleza. Mimi mwenyewe niliondoka kwenye kazi yangu ya kwanza bila hicho cheti, na miaka minne ya barabarani nikashindwa kuithibitisha kwa yeyote. Kama umeacha kazi karibuni na hukupewa, rudi ofisini kwao wiki hii ukakidai, kabla aliyekuwa anakupangia safari hajahama.