Kompyuta ya zamani haioni Wi-Fi mpya? Usinunue nyingine, anza na waya

Umefunga Wi-Fi ya meshi nyumbani. Simu zinapeta kila chumba, TV nayo iko poa. Lakini ile kompyuta ya mezani ya watoto haioni mtandao wowote. Kabla hujashawishiwa ununue nyingine, pitia hapa.

Kwa nini haioni?

Wi-Fi ya meshi ni vifaa viwili, vitatu au zaidi vinavyosambaza mtandao nyumba nzima kwa jina moja. Mara nyingi havina tatizo. Kompyuta nyingi za ofisi za zamani, mfano Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, zilitoka kiwandani bila kadi ya Wi-Fi. Zilitegemea waya.

Njia ya 1: Waya wa LAN

Angalia nyuma ya kompyuta. Kuna tundu linalofanana na la simu ya mezani, ila pana zaidi. Hilo ndilo la LAN. Sasa angalia kifaa cha meshi kilicho karibu, vingi vina tundu kama hilo. Chomeka waya huku na huku, kazi imeisha. Hakuna cha nenosiri wala adapta.

Wengi hawajui hili: si lazima waya ufike kwenye ruta kuu sebuleni. Kifaa cha meshi cha chumbani kinapokea intaneti hewani, kisha kinaipa kompyuta kwa waya. Kwa hiyo waya wa mita mbili unaweza kukutosha. Chukua wa Cat5e, unapitisha hadi Mbps 1,000.

Njia ya 2: Adapta ya USB

Kama kifaa chako cha meshi hakina tundu, nunua adapta ya Wi-Fi ya USB. Muulize muuzaji mambo mawili:

- Inashika 5GHz? Za bei ya chini kabisa nyingi hushika 2.4GHz tu, ambayo ina msongamano zaidi.
- Ina draiva ya Windows yako? Adapta nyingi za Wi-Fi 6 hazina ya Windows 7.

Ukiichomeka nyuma ya kompyuta iliyo chini ya meza, bodi la chuma linazuia mawimbi. Ichomeke mbele, au tumia kebo ya kurefusha uiweke juu ya meza.

Draiva utaipakua vipi na kompyuta haina intaneti? Tumia simu. Unganisha Android yako kwa kebo ya USB, nenda kwenye mipangilio, washa kushiriki intaneti kwa USB. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani na umezima data, bando lako haliguswi.

Adapta ipo ila mtandao haukubali?

Huenda meshi yako imewekwa kwenye ulinzi wa WPA3 pekee, na adapta ya zamani haiuelewi. Fungua app ya meshi, chagua WPA2/WPA3 kwa pamoja. Usiondoe nenosiri ili mambo yaende haraka. Jirani ataingia, na asiye jirani pia.

Ikishaunganika, usiishie hapo

Kompyuta hiyo sasa iko mtandao mmoja na simu yako yenye pesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa masasisho ya nyongeza. Bila masasisho, mianya mipya ya usalama haizibwi.

Kama mashine haiwezi kubeba Windows 11, Linux Mint ni ya bure na inaendesha vizuri kompyuta nyingi za umri huo. Hamisha kwanza picha na mafaili yako kwenye diski nyingine. Ukibaki na Windows ya zamani, iache kwa homuwek na muziki. Mambo ya benki yasiguse mashine hiyo.